Kuku Ambaye Hakurudishwa Mnadani

Ukitoka Makambako kwenda Njombe kuna njia ya udongo mwekundu inayoacha lami upande wa kushoto na kushuka katikati ya misindano mpaka mto Lyangali. Siku hizi njia hiyo inavuka mto juu ya daraja la mawe. Daraja halina kibao chenye jina la mtu. Mimi ningeandika pale jina la Ebeneza Nyagawa, ila najua yeye mwenyewe angekuja na nyundo kulibomoa jina hilo kabla rangi haijakauka, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Ebeneza alizaliwa Ikelela, kijiji kilicho ng'ambo ya mto huo, na huko ndiko anakolima viazi hadi leo. Lakini ujana wake aliumalizia stendi ya Makambako akipiga debe. Aliita abiria wa Songea, wa Mbeya na wa Iringa, na waliomjua enzi zile wanasema aliweza kumpandisha mtu basi la Songea hali mwenyewe alitoka nyumbani kununua chumvi. Haikuwa nguvu ya koo peke yake. Alitania. Aliona koti lako, kofia yako, namna ulivyokumbatia mfuko wako, akasema neno, na kabla hujajua ufurahi au ukasirike ulikuwa unacheka. Mtu anayecheka hukaa pale alipokalishwa.

Alipomwoa Anneth akarudi kijijini, sauti ile ilirudi naye, na usharika wetu wa Kilutheri ukaipa kazi. Kwetu, Jumapili ya mavuno, kila nyumba huleta ilichojaliwa: mahindi, maboga, viazi, kuku, na baada ya ibada vitu hivyo vinanadiwa nje ya kanisa. Anayeshinda mnada halazimiki kubeba kitu chake. Hulipa, kisha husema kwa sauti, "Narudisha!" na kitu kile kinanadiwa upya. Jogoo mmoja huuzwa na kuuzwa tena mpaka watu wote wamechoka isipokuwa dalali. Kumchukua kuku ukaenda naye nyumbani hakukatazwi na mtu. Ni kwamba hakuna aliyekuwa anafanya hivyo.

Daraja lilipoanza kuzungumzwa, wazee walikubaliana kuwe na mnada mwingine, wa daraja peke yake, na dalali awe Ebeneza. Wakati huo tulivukia magogo ya mti wa mlingoti yaliyolazwa toka ukingo hadi ukingo. Kiangazi yalitosha. Masika mto uliyapanda, na mgonjwa aliyebebwa kwa machela kutoka Ikelela aliishia ukingoni huku gari likimsubiri ng'ambo. Wako watoto wa kijiji chetu waliozaliwa kwenye nyasi za ukingo ule. Wako pia ambao hawakuzaliwa.

Tulipoomba daraja tuliambiwa tuanze wenyewe. Tukishapandisha nguzo, sehemu ya juu ingemaliziwa na serikali. Chuoni nilifundishwa kuliita jambo hilo ushirikishwaji wa jamii, na nilijibu vizuri swali lake kwenye mtihani. Ikelela ushirikishwaji wa jamii ulikuwa na manyoya na miguu iliyofungwa kamba.

Jumapili ninayoikumbuka ilikuwa ya Julai. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya nyasi na watu walisimama uwanjani wamejikunyata ndani ya masweta na makoti ya mitumba, wakipuliza viganja. Ebeneza alimwinua jogoo mwekundu juu ya kichwa chake.

"Bwana huyu ni mtu mzima," alisema. "Ana wake wengi, anaamka mapema, na tangu azaliwe hajaombwa mchango hata mara moja. Leo kapatikana! Nani anaanza?"

"Elfu tano!" alisema Mama Conjesta, ambaye husali kwa Wakatoliki, kijiji cha pili.

"Mama Conjesta! Umetoroka misa ya kwenu kuja kununua jogoo wa Kilutheri?"

"Mimi nikisombwa na Lyangali, utauliza nilibatizwa wapi? Nipe jogoo wangu."

"Mpeni jogoo wake!"

"Narudisha!" alisema Mama Conjesta, na watu wakapiga vigelegele, na jogoo akapanda tena hewani.

Siku hiyo Anold alikuwepo. Ni mtoto wa Bibi Yunisi, mjane wa nyumba ya juu karibu na mianzi. Alianza maisha Makambako akipakia mbao za watu mgongoni. Sasa ana yadi yake mwenyewe na malori. Alikuwa ameahidi mbele ya kijiji kizima kwamba viazi vikiisha kusombwa, lori lake moja litatuletea mawe kutoka mlimani, ng'ambo, upande wa barabara kuu. Saruji tulikuwa nayo tayari, imepangwa kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Ilitokana na kuku wa mwaka uliopita. Kilichokosekana ni mawe, na mawe yalikosa lori. Wenye malori wengine walitaka malipo ambayo hata mnada wa mwaka mzima usingeyafikia. Kwa hiyo daraja lile, siku ile, lilikuwa juu ya Anold, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Ebeneza.

Akaletwa kuku wa madoadoa, tetea mnene, mtulivu. Bibi Yunisi alikuwa amekuja naye kwapani, amemfunga miguu kwa kipande cha kanga ili kamba isimkwaruze. Mnada ulianza chini ukapanda taratibu, kisha Anold akasema, "Elfu hamsini." Hakuna aliyewahi kusikia bei hiyo kwa kuku. Ebeneza alihesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akamkabidhi. Tukamsubiri aseme "Narudisha."

Anold hakusema. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye benchi alipokaa mama yake, akamweka kuku mapajani mwake. "Huyu anarudi na mama," alisema, kwa sauti ya chini.

Uwanja ukawa kimya. Na mtu aliyekulia stendi hawezi kuuvumilia ukimya. Stendi ikinyamaza maana yake basi linaondoka tupu.

"Jamani, mmeyaona ya Makambako!" Ebeneza alipaza. "Bwana mkubwa kamnunua kuku wa daraja, sasa anakwenda kumla na mama yake! Bibi Yunisi, bandika maji, mwanao kaja na njaa!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. "Tuachieni hata paja!" mmoja alidakia kutoka nyuma. Bibi Yunisi naye alicheka, kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka. Anold alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akashuka kuelekea mtoni, akavuka magogo hadi alipoacha gari lake. Hakugeuka.

Kesho yake Bibi Yunisi alifika kwa Ebeneza. Haya nimesimuliwa na mke wa Ebeneza, ambaye sote humwita Mama Anneth, aliyekuwa anamenya viazi mlangoni.

"Kamwene," alisalimu bibi.

"Kamwene, Mama Anold. Karibu ukae."

"Sikai. Wala sikuja kugombana." Alisimama akiegemea nguzo ya kibaraza, maana kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua na kushuka kile kilima cha kwao kulikuwa kumemchosha. "Mshahara wa kwanza wa Anold, ule wa kubeba mbao, aliniletea tetea wa madoadoa. Alimbeba ndani ya shati kutoka Makambako, kwa miguu. Huyu wa jana ni wa uzao wake. Nilimtoa kwa sababu sikuwa na kizuri kingine. Kumbe mwanangu alipoona anakwenda kurushwa mkono kwa mkono, moyo ulimshinda."

"Mama Anold, ungeniambia!"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unasema wewe."

Alipoondoka, Mama Anneth hakuinua macho kwenye viazi. "Baba Efraimu," alimwambia mumewe, "kesho panda gari uende Makambako. Na ukifika, nyamaza kwanza."

Alikwenda. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno, na naamini yalikuwa maneno mazuri, kwa sababu alikuja kunitajia mengine baadaye na hayakuwa na mzaha hata chembe. Yadi ilikuwa na kelele za msumeno na harufu ya mbao mbichi. Anold alitoka ofisini akampa mkono kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja..."

Hapo mpakiaji mmoja, mtu wa makamo, alimtambua. "Si yule mzee wa stendi huyu? Mzee Debe! Tupe moja, mzee!" Msumeno ukazimwa. Vijana waliokuwa na mbao mabegani walisimama wakimtazama, nyuso zimekunjuka tayari. Ebeneza alijaribu kunyamaza. Aliniambia alijaribu, kwamba alisikia kabisa sauti ya mkewe kichwani. Lakini mbele yake kulikuwa na watu wanaomsubiri, na kitu kile ndani yake kikajibu kabla yake.

"Nimekuja kumwomba bosi wenu msamaha," alisema, "ila naona nimekuja mikono mitupu, na huyu bila kuku hasikii!"

Vijana waliangua kicheko. Anold alisubiri kiishe.

"Umemaliza, mzee?"

"Hapana, mwanangu, sikukusudia, nilitaka..."

"Malori yana kazi mpaka Desemba. Nisalimie nyumbani."

Desemba kwetu ni mvua. Wote wawili walijua hivyo.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanza, na siifichi. Simkasirikii Ebeneza peke yake, wala Anold peke yake. Mzaha mbaya ni jambo la kawaida kati ya majirani. Mtu hukwazwa, hununa, hukaa miezi, siku moja mnakutana msibani mnasalimiana na maisha yanaendelea. Nani aliamua kwamba watu wa Ikelela hawaruhusiwi kununiana? Kuna miji ambako mtu anaweza kumtukana jirani yake asubuhi na jioni gari la wagonjwa likapita darajani kama kawaida, kwa sababu daraja halikujengwa kwa hisani ya jirani. Sisi tumeambiwa tupendane ndipo tuvuke. Napenda michango. Nimewaona watu wasio na viatu wakitoa mbegu zao za msimu ujao, na sijawahi kuona kitu kizuri kuliko hicho. Lakini kitu kinachobeba uhai wa watu wote kisining'inizwe kwenye moyo wa mtu mmoja, kwa maana moyo huumia.

Tulisomba mawe wenyewe. Kila Jumamosi, kwa vichwa, kwa matoroli ya mbao, akina mama na watoto wa shule, tukivuka magogo na kurudi. Ebeneza alibeba kuliko wote, bila utani, na kimya chake kilitutia hofu. Nguzo moja ilifika magotini. Kisha ukungu ulianza kushuka na kulala kijijini siku nzima, na siku moja mafundi walipokwenda kuchukua saruji wakakuta mifuko mingi imeganda. Ebeneza aliupiga mmoja teke kujaribu, akaumia dole gumba. Kuku wote wale. Mifuko ile ilitolewa nje ikapangwa ukutani mwa kanisa, na leo wazee huikalia wakisubiri ibada.

Mvua zilianza, na Februari mto ukayachukua magogo.

Siku chache baadaye kifua cha Bibi Yunisi kilibana kabisa. Mtu alipanda kilimani kutafuta mtandao akampigia Anold, naye akasema analeta gari hadi mtoni, mama ashushwe. Tulimfunika mablanketi tukambeba kwa machela kwenye tope, Ebeneza akiwa mbele upande wa kulia, hakukubali kupokewa. Tulipofika ukingoni asubuhi ile, Lyangali ulikuwa umepanda hadi kwenye matete, mwekundu, unavuta miti mizima. Ng'ambo tuliliona gari na Anold kando yake. Kuzunguka mpaka daraja la barabara kuu ilikuwa safari ya siku nzima kwa machela, na upande wetu hapakuwa na njia ya gari. Tuliamua kusubiri maji yapungue.

Bondeni pale simu hazishiki. Anold alipiga kelele, na sauti yake ilitufikia vipande vipande juu ya ngurumo ya maji. Vijana walijaribu kumjibu, mmoja baada ya mwingine, naye alitikisa kichwa: hasikii. Kati ya watu wote tuliokuwa ukingoni sauti moja tu iliweza kuuvuka mto ule. Ebeneza alitutazama kama mtu anayeomba asichaguliwe. Kisha alipiga magoti kwenye tope kando ya machela.

"Mama Anold," alisema, "sema, mimi nitampelekea."

Aliinamisha sikio, akasimama, akaweka viganja mdomoni.

"Mama anasema usivuke!"

Ng'ambo Anold, aliyekuwa ameshavua viatu, alisimama.

"Anasema usivuke, mwanangu! Maji yatapungua!"

Anold alijibu kitu hatukukipata. Bibi Yunisi alimvuta Ebeneza mkono wa shati. Safari hii alipomaliza kumsikiliza, Ebeneza alibaki ameinama, na nilimwona akifumba macho. Sikuelewa mpaka alipopaza sauti.

"Mama anauliza, umekula?"

Hakuna aliyecheka. Tulitazama chini, sote tuliokuwepo uwanjani ile Julai.

"Nimekula, mama!" Hilo lilifika lote.

"Kasema amekula," Ebeneza alimwambia bibi, taratibu. Bibi alitikisa kichwa kukubali. Aliongeza neno, naye akalipeleka: kuku ameanza kuatamia, mayai yasiguswe. Baada ya hapo alipumzika kidogo, halafu akapumua kwa shida, na mama zetu waliokuwa wamemshika wakatazamana.

"Anasemaje?" Anold aliita.

Ebeneza alisimama mbele ya mto, viganja mdomoni, na hakutoka kitu.

"Mzee! Mama anasemaje?"

Mtu yule aliyeweza kuuza jogoo mpaka jua linazama alishusha mikono, akavua kofia yake. Anold akaketi palepale kwenye tope, miguu mitupu.

Alizunguka, akafika siku iliyofuata, akamzika mama yake. Alishukuru watu kwa maneno machache ya heshima. Ebeneza alikuwa miongoni mwa wachimbaji. Walipishana kwenye mlango wa nyumba mara kadhaa, na kila mara Anold alisema "Shikamoo" na kupita.

Mvua zilipokatika, tuliamshwa na ngurumo ya malori. Mawe yalimwagwa ukingoni, na juu yake saruji mpya, lori baada ya lori, mpaka fundi akasema inatosha. Madereva walipoulizwa ujumbe kutoka kwa bosi walisema hakuna. Nguzo zilipanda kabla ya masika mengine. Sehemu ya juu tuliyoahidiwa ilikuja pia, pamoja na viti vya kukodi, maturubai na hotuba ndefu ya kutupongeza kwa moyo wetu wa kujitolea. Mgeni rasmi aliomba yule dalali maarufu asimame aamshe umati. Ebeneza aliketi. Mama Anneth alimshika mkono wala hakuuachia mpaka hotuba ilipokwisha.

Hajanadi tena. Jumapili ya mavuno kazi hiyo anaifanya kijana Timoth, na anajitahidi. Anold naye hajalivuka daraja. Nyumba ya Bibi Yunisi imefungwa. Mianzi imeanza kuinamia paa.

Yule kuku wa madoadoa Ebeneza alimhamishia kwake usiku wa mazishi, pamoja na mayai aliyokuwa akiyaatamia, ndani ya kikapu, hatua kwa hatua asiyavunje. Sasa uzao wake umejaa uani na hachinjwi hata mmoja. Mayai yakitosha, Ebeneza huyapanga kwenye kikapu kilekile juu ya nyasi kavu, akampa kijana wa bodaboda anayekwenda mjini ayafikishe kwenye yadi ya mbao. Jioni kikapu hurudi kitupu. Hakuna salamu, wala yai moja halijawahi kurudishwa.

Nilimkuta siku moja akiwa ndiyo kwanza amekipokea. Nilimuuliza kwa nini asipeleke mwenyewe, maana kwa njia hii mpya Makambako ni karibu.

Alikikung'uta nyasi, akakitundika kwenye msumari.

"Nikifika nitasema kitu," alisema.